Gobori la Babu na Gobori la Makumbusho: Bunduki ya Kale Husomwaje?

Kila polisi wanapotangaza kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, picha za magobori yaliyolundikwa mezani husambaa simuni, na maswali hufuata. Kama gobori alilorithi mzee wa watu ni kosa, mbona lile la makumbusho limewekwa kwenye kabati la kioo na watoto wa shule wanapelekwa kulitazama? Si chuma kilekile? Wengine huuliza kwa upande wa pili: kitu cha tangu enzi za Mjerumani, kimeliwa na kutu, hakina hata risasi, kinahesabiwaje kuwa silaha? Na wapo wanaoamini kwamba wamekalia mali, kilichobaki ni kumpata mnunuzi wa nje.

Maswali hayo yanafunga mambo matatu kwenye fundo moja: namna bunduki inavyofanya kazi, umri wake, na hadhi yake mbele ya sheria. Mtu akiyatenganisha ataona kwamba kila moja lina jibu lake, na kwamba mara nyingi majibu hayo hayalingani.

Tuanze na jina. Gobori ni bunduki yoyote inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unafuatisha kizibo cha kitambaa, karatasi au nyuzi, unatia risasi ya duara au marisaa (vipande vidogo vya risasi), kisha unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu. Ukishafyatua, unaanza upya. Basi, hiyo ndiyo maana yake yote. Gobori linataja njia ya kupakia. Halisemi lolote kuhusu mwaka wala mahali. Bunduki ya kiwandani iliyotoka Birmingham mwaka 1840 ni gobori, na ile iliyoundwa na fundi wa kijijini mwaka jana kwa kipande cha bomba la maji nayo ni gobori. Watu wanaposema "gobori" wakimaanisha "kitu cha kale", hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Moto unafikaje kwenye baruti

Bunduki za mwanzo zilibadilika sana kwa karne nyingi, lakini mabadiliko makubwa karibu yote yalihusu tatizo moja: moto ufikeje kwenye baruti iliyofungiwa ndani ya mtutu, kwa haraka, bila kumuunguza mpigaji? Anayejua kila zama zilivyolitatua anaweza kusimama mbele ya kabati la makumbusho na kuelewa anachokiona hata kama kibandiko hakimsaidii. Na mara nyingi hakimsaidii. Nimesoma vibandiko vilivyoandikwa "Bunduki ya zamani" na basi. Kwa kitu kilichovuka bahari na kupita mikononi mwa watu wa mataifa matatu, hayo ni maneno machache mno.

Baruti ya zamani ni mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, na asili yake ni China. Huko ndiko ilikotoka mitutu ya kale kabisa inayojulikana. Mmoja ulichimbuliwa mkoani Heilongjiang mwaka 1970. Ni wa shaba, una urefu wa sentimita 34 hivi, na wataalamu wanauweka kwenye miaka ya kuelekea 1288. Mwingine umeandikwa tarehe yake wenyewe, inayolingana na mwaka 1298. Kwa Ulaya, mchoro wa kwanza unaojulikana wa mzinga umo katika hati iliyoandikwa Uingereza mwaka 1326, na unaonyesha chombo chenye umbo la mtungi kikirusha mshale. Mitutu hii ya mwanzo haina kifyatulio wala kitako cha kuegemeza begani. Ina tundu dogo nyuma, na mpigaji anagusisha hapo kaa la moto au waya uliochomwa ukaiva.

Kisha ikaja bunduki ya mrao. Mrao ni kamba iliyolowekwa kwenye shura ikakaushwa, ili iungue polepole bila kuzimika. Ncha yake yenye moto inashikwa na mkono wa chuma. Ukivuta kifyatulio, mkono unainama na kuitumbukiza ncha kwenye kibakuli kidogo cha baruti kilicho ubavuni mwa mtutu. Moto unapita kwenye tundu, bunduki inalia. Wareno waliifikisha Japani mwaka 1543, na tayari ilikuwa imeenea kwa Waturuki, Waajemi na Wahindi. Huko Oman bunduki ndefu za mrao, zenye mitutu iliyofungwa kwa pete za fedha, ziliendelea kubebwa hadi ndani ya karne ya 20. Ubaya wake ni kwamba mvua inauzima mrao, usiku ncha yake inaonekana kwa mbali, na mtu aliyezungukwa na baruti anatembea na moto mkononi.

Karne ya 16 Ulaya ikaleta mtambo wa gurudumu: springi inazungusha gurudumu la chuma, linasugua kipande cha madini, cheche zinaruka, kama kile kiberiti cha gesi unachowashia jiko. Ilikuwa kazi ya mafundi wa saa na bei yake ilikuwa ya wakubwa. Kwenye makumbusho ya Ulaya utazikuta zimepambwa kwa pembe za ndovu, kwetu huzioni.

Iliyotufikia kwa wingi ni bunduki ya gumegume. Mtambo huu ulikamilika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Gumegume ni jiwe gumu lenye makali. Linabanwa kwenye taya za nyundo ndogo. Ukifyatua, nyundo inaruka mbele, jiwe linakwaruza bamba la chuma, bamba linafunguka na cheche zinaangukia kwenye kibakuli cha baruti. Ni mtambo rahisi, imara, na mwenye ufundi kidogo anautengeneza. Ulitawala dunia kwa takriban miaka 200.

Aliyeuondoa kwenye enzi alikuwa kasisi. Alexander Forsyth, mchungaji wa kijiji cha Belhelvie huko Scotland, alikuwa mwindaji wa ndege, na alichukizwa kuona ndege wakistushwa na mwako wa kibakulini kabla risasi haijatoka. Akatafuta kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapata hataza ya wazo lake. Kufikia miaka ya 1820 wazo hilo lilikuwa limegeuka kikofia kidogo cha shaba kinachovikwa kwenye chuchu ya chuma nyuma ya mtutu. Hiyo ndiyo fataki, na bunduki yake ikaitwa bunduki ya fataki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Nusu ya pili ya karne ya 19 fataki, baruti na risasi vikaunganishwa ndani ya ganda moja, bunduki ikaanza kupakiwa kwa nyuma, na majeshi yakaachana na gobori. Waingereza waliingiza Martini-Henry mwaka 1871, Wajerumani wakawa na Mauser yao ya mwaka huohuo. Mauser hiyo ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa Kijerumani Afrika Mashariki hata vita vilipoanza mwaka 1914, na moshi wa baruti yake ulikuwa ukiwafichua walipojibanza.

Umbo linaweza kukudanganya

Ukishajua mfuatano huo, ni rahisi kuteleza: ukiona gumegume unasema karne ya 18, ukiona fataki unasema 1850. Kwa bunduki ya Ulaya iliyobaki Ulaya huenda usikosee sana. Kwa bunduki iliyokutwa Tabora, Ujiji au Malindi, utakosea mara kwa mara, na sababu yake inahitaji kuelezwa kwa urefu kidogo.

Kwanza, majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, zile za zamani hazikutupwa. Ziliuzwa. Wafanyabiashara walizinunua kwa rundo, wakazipakia melini, na Zanzibar ikawa moja ya milango mikubwa ya kuingizia bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita kwenye pwani hii kuingia bara kila mwaka. Zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, kwa watumwa, kwa ruhusa ya kupita. Bunduki iliyofika kwa Wanyamwezi mwaka 1880 ingeweza kuwa imekwisha kutumikia jeshi fulani miaka 40 kabla.

Pili, na hili ndilo linalowashangaza wengi, kuna mkataba uliorefusha maisha ya gumegume Afrika. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini makubaliano ya kupiga vita biashara ya utumwa. Ndani yake walipiga marufuku uingizaji wa silaha za moto katika ukanda mkubwa wa Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Lakini waliacha upenyo: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu (ile inayoizungusha risasi ifike mbali bila kupotea), pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Mantiki ya watawala ilikuwa wazi. Mwafrika apate bunduki ya kuwindia na kulinda shamba, asipate ile itakayomfikia askari wa kikoloni aliye mbali.

Matokeo yake viwanda vya Liège huko Ubelgiji na Birmingham huko Uingereza viliendelea kutengeneza bunduki za gumegume, mpya kabisa, kwa ajili ya soko la Afrika hadi ndani ya karne ya 20. Zama ambazo London ina taa za umeme, mafundi wa Ubelgiji wanachonga mitambo ya mtindo wa mwaka 1750. Kwa hiyo gobori la gumegume linaweza kuwa mkongwe wa vita vya Napoleon, na linaweza pia kuwa na umri mdogo kuliko bunduki ya jeshi yenye risasi za ganda iliyoko kabati la pili.

Utazijuaje? Hapa ndipo macho ya mtunza makumbusho yanapoacha umbo na kuhamia kwenye alama. Nchi za viwanda zililazimisha kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kupita kawaida kabla ya kuuzwa, na uliofaulu ukagongwa muhuri. London ilikuwa na mihuri yake tangu karne ya 17, Birmingham ikapata nyumba yake rasmi ya majaribio mwaka 1813. Ya Liège ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inasema sana kwa herufi chache: E, L na G ndani ya umbo la yai, karibu na nyuma ya mtutu. Tangu mwaka 1893 juu ya yai hilo pakaongezwa taji dogo. Chukua sasa gobori la gumegume ambalo familia imehakikishiwa kuwa ni "la miaka 300". Mtunza makumbusho husafisha vumbi taratibu kwa brashi laini, humulika tochi kwa ubavu ili vivuli vijitokeze, huchukua kioo cha kukuzia. Akiliona yai lenye taji, mjadala umeisha: mtutu huo haukujaribiwa kabla ya 1893.

Alama huweza pia kughushiwa. Neno "TOWER" na taji la kifalme viligongwa kwenye mitambo ya bunduki za serikali ya Uingereza, na kwa sababu wanunuzi waliiamini alama hiyo, watengenezaji wa biashara nao waliiga. Leo kuna tabaka jingine la uigaji: nakala zinazotengenezwa India, zikapigwa alama hiyohiyo, zikapakwa tindikali zishike kutu, zikauzwa kwa watalii kama vitu vya kale. Kutu yake mara nyingi ni ya rangi moja kila mahali, wakati kutu ya miaka hula zaidi pale jasho la mkono lilipogusa na pale baruti ilipowakia. Skrubu nazo husema. Zile za mkono hazifanani hata kwenye bunduki moja.

Kisha kuna alama ambazo hakuna kiwanda kilichogonga. Kitako kilichovunjika shingoni kikavikwa ngozi mbichi ya mnyama, ikakauka na kubana kuliko gundi. Waya wa shaba uliozungushwa pale pete ya kiwandani ilipopotea. Misumari ya shaba iliyopangwa kwa urembo kwenye ubao. Mkusanyaji wa kizamani angezing'oa ili bunduki "irudi kama ilivyokuwa". Kwangu mimi huo ni uharibifu mtupu. Bunduki za Birmingham zisizoguswa zipo kwa maelfu. Iliyofungwa ngozi na fundi wa Kisukuma au wa Kimakonde ina habari ambayo haimo kwenye daftari la kiwanda chochote.

Mizinga miwili iliyobadilisha wenyewe

Mfano mzuri wa chuma kinachosomeka ni mizinga miwili ya shaba iliyojulikana kwa miaka mingi mbele ya Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, Zanzibar. Ina maandishi ya Kireno, na inaaminika kwamba ilimiminwa Ureno mwanzoni mwa karne ya 16. Mwaka 1622 Waajemi, wakisaidiwa na Waingereza, waliwanyang'anya Wareno kisiwa cha Hormuz, na mizinga ikaangukia mikononi mwao. Baadaye yaelekea ikatwaliwa na Waomani, ambao ndio walioifikisha Unguja. Mreno, Mwajemi, Mwomani, Mzanzibari: ushindani wote wa Bahari ya Hindi umo kwenye vipande viwili vya shaba ambavyo watalii walizoea kupanda juu kupiga picha.

Mombasa inaendeleza hadithi hiyo. Wareno waliposhambulia mji huo mwaka 1505, walijibiwa kwa mizinga, na mizinga hiyo ilikuwa imeopolewa kwenye meli yao wenyewe iliyokwama karibu na Malindi mwaka 1501. Ni miaka minne tu, na watu wa Pwani walikwisha kujua namna ya kuitumia. Kisha Ngome ya Yesu ikajengwa kuanzia 1593, na Waomani wakaizingira toka Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katikati ya mzingiro huo, Oktoba 1697, manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome. Wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vilivyotoka ndani yake vimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Ngome ya Yesu.

Kuopoa chuma baharini ni rahisi kuliko kukiponya. Chumvi huingia ndani ya chuma. Ukikitoa majini na kukiachia hewani, chumvi inakauka, inavuta unyevu tena, na chuma kinapasuka vipande mbele ya macho yako. Ndiyo maana mzinga ulioopolewa huhifadhiwa majini kwanza, kisha hupitishiwa umeme hafifu ndani ya maji yenye dawa kwa miezi, pengine miaka, hadi chumvi iishe. Wavuvi wanaokuta mzinga kwenye miamba na kuuburuta hadi pwani kwa nia njema huenda wanauua. Ni heri kuuacha ulipo, kuweka alama ya mahali, na kuwaarifu wa makumbusho.

Kabla haijaingia kabatini

Sasa turudi kwenye ile imani kwamba gobori la zamani halidhuru. Jambo la kwanza ambalo mtunza makumbusho hufanya akiletewa gobori ni kudhani kwamba limepakiwa. Hajali limekaa darini miaka mingapi. Baruti ya zamani iliyohifadhika bila unyevu haifi kwa uzee, na magobori yaliyobaki na mzigo wake wa mwisho ndani si kitu cha ajabu kwa wanaofanya kazi hii: mtu alipakia akangoja nguruwe shambani, nguruwe hakuja, gobori likarudishwa pembeni, mwenyewe akafariki.

Namna ya kupima ni ya kiungwana na haihitaji mashine. Mdomo wa mtutu unaelekezwa mahali salama, pasipo mtu. Ufito wa mbao, kamwe si wa chuma, unaingizwa taratibu mpaka ugote. Unawekwa alama pale unapokutana na mdomo, unatolewa, unalazwa juu ya mtutu kwa nje. Ncha ikifika usawa wa lile tundu la moto la nyuma, mtutu ni mtupu. Ikiishia mbele yake kwa vidole kadhaa, kuna kitu ndani, nacho ni lazima kichukuliwe kuwa baruti na risasi. Penye mashine ya eksirei jibu linaonekana bila kugusa. Naeleza hili ili ujue wao hufanya nini. Ukiwa nyumbani usijaribu, waite polisi.

Baada ya hapo ndipo kazi ya makumbusho inapoanza: namba, vipimo, picha za kila upande, mahali ilipopatikana, aliyeileta, simulizi ya familia. Bila kumbukumbu hizo, bunduki hata iwe nzuri vipi inabaki kuwa pambo. Hushikwa kwa glavu kwa kuwa jasho lina chumvi. Haing'arishwi kwa msasa, maana msasa unafuta ile mihuri. Haipakwi mafuta ya kula, maana yanaganda, yananata na kukusanya vumbi. Na hakuna anayeifyatua kuona kama bado inafanya kazi. Mtutu uliofuliwa kwa mkono ukakaa na kutu karne nzima unaweza kupasuka usoni.

Walikuwa na bunduki, walishindwaje?

Makabati haya yanaweza kutibu uongo mmoja tuliofundishwa kwa muda mrefu: kwamba Mzungu alikuja na bunduki, Mwafrika akamkabili kwa mkuki, na mambo yakaishia hapo. Makadirio ya yule balozi wa Zanzibar yanakataa. Mtemi Mirambo alijenga dola yake Unyamwezi akiwa na rugaruga, wapiganaji wake wenye bunduki, na alikufa mwaka 1884, kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa bara. Mwaka 1905 wapiganaji wengi wa Majimaji walikuwa na magobori. Tofauti ilikuwa kati ya aina za bunduki: gobori linalohitaji kushindiliwa upya kila risasi, mbele ya bunduki ya ganda na bombomu, ile inayomimina risasi mfululizo. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bombomu mbili zilitosha kuwafagia mamia ya watu waliokuwa wakisonga mbele.

Na hata hapo silaha haikuamua kila kitu. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvizia msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski, wakautokea karibu mno na kwa mikuki mingi kuliko chochote, wakamuua kamanda mwenyewe na kuteka bunduki zipatazo 300. Bunduki ya kisasa isiyopata nafasi ya kuinuliwa ni fimbo.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kuonyesha bunduki ni kuwatukuza wauaji au kuwafundisha watoto vurugu. Mtoto anayeona gumegume na ganda la Mauser yamewekwa jirani, akaelezwa kwa nini mataifa ya Brussels yalitaka babu yake abaki na la kwanza, anaondoka anaelewa ukoloni kwa namna ambayo kitabu peke yake hakimpi. Kinachotakiwa ni maelezo ya kutosha kwenye kabati, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Sheria inasemaje kuhusu uzee

Dunia haina mwaka mmoja wa kukubaliana. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto ya mwaka 2001 inaziachia nchi ziamue, ila inaweka ukomo: iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Sheria ya Marekani inaweka mstari mwaka 1898. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2021, inataka iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na pia iwe ya mfumo usiotumika tena, iliyohifadhiwa kama kumbukumbu au pambo. Anayesoma mtandaoni kwamba "bunduki za kale hazihitaji leseni" huenda anasoma sheria ya Texas akiwa Tabora.

Hapa kwetu kitu kilekile hutazamwa na sheria mbili kwa pamoja. Moja ni ya silaha: Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Usidhani kwamba kutu au umri unaitoa bunduki yako kwenye sheria hizo. Gobori lenye uwezo wa kufyatua linaua leo kama lilivyoua zamani. Ya pili ni ya mambo ya kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda mabaki yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Ya Kenya ya mwaka 2006 inatumia mwaka 1895. Kwa hiyo gobori linaweza kuwa silaha isiyo na kibali na papo hapo likawa urithi wa taifa usioruhusiwa kuuzwa nje. Makumbusho yanaruhusiwa kulishika kwa sababu ni taasisi inayowajibika kwa sheria zote mbili, yenye daftari, ulinzi na mtu wa kuulizwa. Mzee wa watu hana hivyo, hata awe mwaminifu namna gani.

Na yule mnunuzi wa nje? Magobori mengi ya biashara yalitengenezwa kwa maelfu ili yawe rahisi, na bei yake kwenye minada ya Ulaya ni ya kawaida tu. Atakayekuahidi mamilioni anataka ama kukutapeli, ama kukuingiza kwenye magendo.

Kama ndani kwenu lipo moja, usilisafishe, usilijaribu, usilifungue mtambo, na usipande nalo basi kwenda kulionyesha. Toa taarifa kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa, ueleze kwamba ni la urithi, kisha andika au piga simu makumbusho ya taifa uwaombe walione kabla halijapelekwa kwenye rundo la kuteketezwa. Kipindi cha kusalimisha kwa hiari ndicho wakati mzuri zaidi wa kufanya hivyo. Lipige picha lilivyo lilipo. Na kabla hujafanya lolote kati ya hayo, kaa na mkubwa wa ukoo umuulize lilitoka wapi, nani alilileta, alikuwa anawindia nini, nani alifunga ile ngozi kwenye kitako, uandike majina na vijiji kama anavyovitaja, kisha karatasi hiyo uiambatanishe na gobori lenyewe.